Uzi: Kukereza vyuma vya breki vya garimoshi la mvuke. Kazi yenyewe ikoje, na kwa nini mafundi wa Mombasa tunaiweza

#1 Mkerezaji wa Makupa (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum, na habari zenu wanajamvi.

Kila picha ya zile injini kubwa za mvuke ikitumwa humu, maoni huwa yaleyale. Huyu ataka irudi, yule amlaumu nani aliyeiua, kisha uzi walala. Leo nataka tuzungumze kazi ya mikono. Mimi ni fundi wa kukereza vyuma, yaani kuvikata kwa kisu vikiwa vinazungushwa kwenye mashine iitwayo kerezo. Nimekulia kwenye karakana za kutengeneza meli hapa Mombasa, na nilipokuwa nikiishi kaskazini mwa Uingereza nilikwenda Jumamosi kufanya kazi kwenye karakana ya reli ya watu wa kujitolea. Wazee waliostaafu, walimu, madereva wa basi, vijana wa chuo. Niliwekwa upande wa breki, na huko ndiko nilikoelewa jambo ninalotaka kulisema hapa: mtu anayetaka kusaidia kufufua injini ya mvuke aanzie kwenye breki, wala asianzie kwenye boila.

Boila ni kazi ya wenye vyeti. Ina mvuke wa shinikizo kubwa, ina mkaguzi wake, ina karatasi zake, na Uingereza hukaguliwa na kufunguliwa upya kila baada ya miaka 10 hivi. Mjitolea wa kawaida hapewi kuigusa, na ni haki. Lakini breki ni vyuma vingi vidogo: pini, bushi (vibomba vifupi ambamo pini hupita), wenzo, rodi, mabloki yanayobana magurudumu, silinda. Kila kimoja chaweza kuwekwa kwenye kerezo ya kawaida, kikapimwa kwa mikromita, kikakubaliwa au kikakataliwa mbele ya macho ya kila mtu.

Kwa nini vikerezwe upya badala ya kununuliwa? Kwa sababu hakuna tena wa kutuuzia. Chukueni injini zile za daraja la 59 (yaani aina iliyopewa namba 59) zilizokuwa zikivuta mizigo kutoka hapa bandarini kwenda Nairobi. Zilitengenezwa 34 na Beyer, Peacock wa Manchester, zikaja mwaka 1955 na 1956, kila moja uzito wake tani 252, na hakuna injini ya mvuke ya reli yenye upana wa mita moja popote duniani iliyozishinda kwa ukubwa. Zimebaki mbili, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, zote ziko makumbusho ya reli Nairobi. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 1966. North British wa Glasgow, waliotengeneza 3020 Nyaturu iliyo pale pale makumbusho, walifilisika 1962. Ukitaka pini ya breki ya injini hizo, utaikereza au utaikosa.

Nauliza wenye fani humu: tuko wangapi Mombasa tunaoweza kazi hii?

#2 Binti wa Tudor

Shikamoo ami. Mimi nasomea uhandisi wa mitambo, mwaka wa tatu. Darasani breki za treni tulipewa nusu ukurasa tu. Naomba utueleze polepole: mvuke wafanya nini kwenye breki, upepo wafanya nini, na hivyo vyuma ulivyovitaja vinakaa wapi? Halafu wewe mwenyewe ulikuwa ukikereza kipi?

#3 Mkerezaji wa Makupa

Marahaba mwanangu. Umeuliza vizuri, acha nijibu kwa urefu.

Njia ya kwanza ni breki ya mvuke yenyewe: dereva afungua vali, mvuke waingia kwenye silinda chini ya injini, pistoni yasukuma, mabloki yabana magurudumu. Ni rahisi na ina nguvu, lakini yasimamisha injini peke yake. Mabehewa yaliyo nyuma hayana habari.

Njia ya pili ni upepo. Injini ina kompresa yake ndogo inayoendeshwa na mvuke; ndiyo ule mlio wa kuhema unaousikia injini ikiwa imesimama. Upepo wapita kwenye bomba linalofuata treni nzima hadi behewa la mwisho. George Westinghouse alianza na breki ya upepo mwaka 1869, lakini ile ya kwanza ilikuwa na kasoro kubwa: upepo ulipelekwa kwenye silinda wakati wa kufunga breki. Bomba likikatika, huna breki. Mwaka 1872 akaigeuza. Kila behewa likapewa tangi lake la upepo na vali yake, na bomba likawa limejaa muda wote. Ukipunguza upepo wa bomba, vali yafungulia tangi, breki zabana. Kwa hiyo treni ikikatika katikati, bomba lamwaga upepo na pande zote mbili zasimama zenyewe. Breki ya ombwe, inayotumia upungufu wa hewa badala ya shinikizo, inaweza kufanya kazi kwa msingi uo huo.

Hili lilinunuliwa kwa damu. Tarehe 12 Juni 1889 karibu na Armagh, Ireland, treni ya matembezi iliyojaa watoto wa shule ya Jumapili ilishindwa kupanda mlima. Wafanyakazi wakaikata vipande viwili ili wapeleke nusu kwanza. Breki zake hazikuwa za kujifunga zenyewe, mabehewa ya nyuma yakateremka, yakagongana na treni iliyokuwa ikija. Walikufa watu 80. Mwaka huohuo Uingereza ikatunga sheria kwamba kila treni ya abiria iwe na breki ya kujifunga yenyewe kwenye mabehewa yote. Nasi Afrika Mashariki tunayo ya kwetu: Igandu, Dodoma, tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko ikagonga ya mizigo, wakafa watu 281. Nikisema breki ndiyo kazi ya kwanza, nawafikiria hao.

Sasa vyuma. Chukua mfano wa hesabu. Silinda ya breki yenye kipenyo cha sentimita 30 ina eneo la sentimita za mraba 707 hivi. Kwa kawaida bomba la Westinghouse huwa na psi 70 (msukumo wa pauni 70 kwa kila inchi ya mraba), na breki ikifungwa kikamilifu silinda hupata kama psi 50. Hiyo yasukuma pistoni kwa nguvu ya karibu tani 2.5. Pistoni yashika wenzo. Wenzo ukiwa na uwiano wa nne kwa moja, tani 2.5 zawa tani 10, na hizo zagawanywa na rodi hadi kwa mabloki. Kama mabloki ni manane, kila moja labana gurudumu kwa zaidi ya tani moja. Njia yote hiyo, kutoka pistoni hadi bloki, imeungwa kwa pini zinazopita ndani ya bushi.

Hapo ndipo palipokuwa meza yangu. Uwiano uleule unaozidisha nguvu ndio unaozidisha ulegevu. Bloki likilika milimita 10, pistoni yatakiwa itembee milimita 40 zaidi. Pini nazo zikiwa zimelika kila moja kidogo tu, ulegevu wote wajumlishwa na pistoni yafika mwisho wa silinda kabla bloki halijabana sawasawa. Geji mbele ya dereva yaonyesha psi 50, naye aamini ana breki, kumbe nguvu imeishia kwenye mashimo yaliyopanuka.

Kwa hiyo tulifungua kila kiungo, tukapima. Shimo la wenzo likilika haliliki mviringo; lalika upande mmoja, kuelekea linakovutwa. Fundi asiyejua atalipanua kwa kulifuata lilivyo, na hapo kitovu cha shimo kitakuwa kimehama. Urefu kati ya mashimo mawili ndio uwiano wenyewe wa wenzo! Lazima urudi kwenye mchoro, utafute kitovu cha asili, ufunge wenzo imara kwenye meza ya mashine, ndipo upanue hadi shimo liwe mviringo tena, kisha ushindilie bushi mpya. Na bushi ikishindiliwa tundu lake hubana kidogo, kwa hiyo usilimalize kabla ya kushindilia. Liache dogo, shindilia, ndipo ulifikishe kipimo.

Pini twazikereza kwa chuma laini, twazipakia kwenye sanduku lenye unga wa makaa, twaziweka tanurini kwenye nyuzi 900 hivi kwa saa kadhaa. Ngozi ya juu yanywa kaboni. Zikitoka na kuzamishwa, ngozi yawa ngumu na moyo wabaki laini, hivyo pini hailiki upesi na haivunjiki ikigongwa. Zikizamishwa hupinda au kubadilika kidogo, kwa hivyo twaacha nyongeza ya sehemu ndogo ya milimita ya kuja kusagwa mwishoni. Bushi lazima iwe laini kuliko pini, ili ikifika siku ya kulika ilike bushi, kwa kuwa ndiyo rahisi kubadilisha.

#4 Gadi wa Changamwe

Mwanangu mkerezaji, umenigusa. Mimi nilikuwa gadi wa treni za mizigo tangu enzi za East African Railways, nikaendelea Kenya Railways ilipoanza baada ya jumuiya kuvunjika 1977. Mvuke niliukuta ukiwa mwishoni mwishoni.

Watu wakihadithia reli hii husifia kupanda. Ni kweli, kutoka baharini hadi Nairobi ni kilomita 530 hivi na unakwenda juu zaidi ya mita 1,600. Zile za daraja la 59 zilikuwa zikipanda na tani 1,200 mgongoni, mahali ambapo njia yainuka mita moja na nusu kwa kila mita 100. Lakini muulize mtu wa kazi atakwambia hofu yake ilikuwa wapi. Ilikuwa kuteremka. Unatoka Mazeras na mzigo wote nyuma yako unakusukuma kuja baharini. Hapo injini haina kazi, kazi ni ya breki.

Kabla ya kuondoka tulipima. Dereva apunguza upepo, mimi niko mkia wa treni naangalia bloki la behewa la mwisho limebana au halikubana, kisha afungulia, naangalia limeachia au limeng'ang'ania. Lisilobana ni balaa, na lisiloachia ni balaa pia, kwa sababu litakwenda likisaga gurudumu hadi liwe jekundu. Usiku ulikuwa ukiona cheche chini ya behewa unajua kuna bloki halikuachia. Tukisimama, nilipita kando ya treni nikisogeza mkono karibu na magurudumu bila kugusa. La moto mno lina bloki lililoganda. La baridi kabisa baada ya mteremko halikufanya kazi. Hakuna chombo kilichonifundisha zaidi ya huo mkono.

Swali langu kwako: hao wenzako wa Uingereza mabloki walitumia ya nini? Yetu yalikuwa chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu.

#5 Mkerezaji wa Makupa

Shikamoo mzee wangu. Haya uliyoandika nayaweka kando nisije nikayapoteza.

Ni chuma cha kusubu vilevile. Bloki laini kuliko tairi la chuma la gurudumu, ili lilike bloki libaki gurudumu. Tena lina tabia ambayo nyinyi mliijua kwa mwili kabla ya vitabu: kwa mwendo wa kasi labana kidogo, na treni inavyopunguza mwendo ndivyo linavyozidi kushika. Kapteni Douglas Galton na Westinghouse waliipima tabia hiyo Uingereza mwaka 1878 kwa behewa maalumu lenye vyombo. Ndiyo maana dereva mzuri hubana kwa nguvu mapema kisha huachia polepole karibu na kusimama. Walithibitisha na jambo la pili: gurudumu likikwama likaburuzwa juu ya reli, treni yachelewa kusimama kuliko gurudumu likiendelea kuzunguka. Tena laharibika, lapata bapa, na kila mzunguko lagonga reli.

Kukereza chuma cha kusubu kuna adabu yake. Hakitoi nywele ndefu kama chuma cha kawaida, chatoa unga mweusi. Twakikata kikavu, bila maji ya kupoza, kwa sababu unga ukichanganyika na maji wawa tope la kusaga mashine. Ngozi yake ya nje, iliyogusana na mchanga wa kalibu, ni ngumu na ina chembe za mchanga. Pitisha kisu cha kwanza chini ya ngozi kabisa. Ukikwaruza juujuu kwa woga utamaliza visu. Silinda ya kipenyo cha sentimita 30 ukiichimba kwa kisu cha kawaida, mashine izunguke mara 21 hivi kwa dakika. Kijana aliyezoea vyuma vidogo ataona mashine imelala. Mwacheni asubiri.

#6 Mtu wa Kisauni

Niwe mkweli ndugu zangu, sipingi ufundi. Nauliza faida. Tuna treni ya kisasa tangu 2017, ya Miritini kwenda Nairobi, reli ya upana mwingine kabisa. Vijana hawana kazi. Leo tukusanye watu na vyuma kwa ajili ya injini iliyostaafu miaka 40 na zaidi iliyopita, tena iko Nairobi, tena si mali yetu? Pesa itatoka wapi?

#7 Mkerezaji wa Makupa

Ndugu yangu wa Kisauni, swali lako ni la haki na silikwepi.

La mali: kweli kabisa. Hakuna anayegusa msumari wa injini ya makumbusho bila ruhusa ya wenyewe na bila mhandisi wao kusimamia. Hata Uingereza mjitolea hakerezi kitu kwa kujiamulia. Ana mchoro uliokubaliwa, chuma chenye cheti kinachosema kimetoka wapi, na kila pini yapigwa namba ili ikivunjika ijulikane nani aliikereza na kwa chuma gani. Mimi naanzia kabla ya hapo, kwenye mikono. Siku wenyewe wakihitaji seti ya pini na bushi, wakute watu waliokwisha jifunza.

La faida: karakana ngapi za mji huu zina kijana anayejua kukereza kwa mchoro, kupima kwa mikromita na kuandika alichopima? Nyingi wanakereza kwa kulinganisha na kile kilichovunjika. Chuma kilicholika ndicho kinachokuwa kipimo, na kosa larithiwa. Vyuma vya breki vyamlazimisha kijana aanze na mchoro. Akitoka hapo anaweza kwenda melini, kwenye kreni za bandari, kwenye viwanda vya sukari, kwenye reli mpya pia, ambayo nayo yasimama kwa upepo kwa msingi uleule wa Westinghouse.

La pesa: huanza kidogo. Talyllyn huko Wales ilikuwa reli ndogo iliyokuwa ikifa. Wajitolea wakaichukua mwaka 1951, ikawa ya kwanza duniani kuokolewa namna hiyo, na hadi leo yatembea na kubeba watalii. Wengine walikwenda mbali zaidi. Daraja moja la injini za Uingereza lilikatwakatwa lote, hata moja halikubaki. Watu wakachangishana tangu miaka ya 1990, wakajenga mpya kutoka kwenye michoro, wakaiita Tornado. Iliwaka moto kwa mara ya kwanza 2008, ikagharimu kama pauni milioni 3, na mwaka 2017 ikafika maili 100 kwa saa. Boila lilibidi litengenezwe Ujerumani, mji wa Meiningen. Sisi hatujengi injini. Zinazofaa kutunzwa tunazo tayari, na zimesimama.

#8 Mtu wa Kisauni

Hapo kwenye kukereza kwa kulinganisha na kilichovunjika nimekuelewa. Pampu ya maji ya mtaa wetu imetengenezwa hivyo mara nyingi na kila mara yaharibika upesi kuliko mara iliyotangulia. Endelea, nasoma.

#9 Injinia wa Melini

Nachangia upande wa kupima, kwa sababu ndiko watu wanakouana.

Silinda ya breki ikishakerezwa, au ikizibwa ufa, ijaribiwe kwa maji kabla haijaonja upepo. Jaza maji, toa hewa yote, pampu kwa mkono hadi mara moja na nusu ya shinikizo la kazi, acha ikae, tazama geji. Maji hayabanwi, kwa hiyo chuma kikipasuka maji yamwagika na mambo yameisha. Upepo uliobanwa una nguvu iliyofichwa ndani; chuma kikipasuka nao vipande vyaruka. Nimeona karakana ambayo watu hupima matangi kwa upepo huku wamesimama kando yake. Msifanye hivyo hata kwa silinda ndogo.

Nyufa kwenye wenzo na rodi za zamani: kuna rangi maalumu ya kupenyeza, twaitumia melini. Mkikosa, ipo njia ya wazee ambayo bado yaonyesha ufa mkubwa. Safisha chuma, loweka mafuta ya taa, futa kikauke kabisa, paka chaki nyeupe. Kigonge kidogo. Mafuta yaliyojificha kwenye ufa yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Kwa chuma kitakachofungwa kwenye treni ya abiria isiwe ndiyo kipimo cha mwisho, lakini kwa kuchagua kipi cha kutupa mapema inafaa sana.

Jambo la tatu ni la hapa kwetu. Huku pwani chuma kilichomalizwa leo jioni kesho asubuhi kina kutu, kwa chumvi ya hewa na jasho la vidole. Pini ikitoka kwenye mashine ipakwe mafuta papo hapo, ifungwe kwenye karatasi yenye mafuta, isishikwe kwa mkono mtupu.

#10 Seremala wa Kibokoni

Mie si mtu wa vyuma, lakini nimesoma uzi wote. Hayo mabloki ya kusubu yataka kielelezo cha mbao kwanza, sivyo? Kazi hiyo naijua. Nilimfanyia fundi mmoja wa propela za mashua. Nipeni vipimo tu.

#11 Mkerezaji wa Makupa

Fundi, wewe ndiye tuliyekuwa tukikukosa, na Mombasa yote haina uhaba wa watu wa mkono wako.

Ndiyo, kalibu ya mchanga huumbwa kwa kielelezo cha mbao. Kumbuka mambo matatu. Chuma cha kusubu kikipoa hunywea, kama asilimia moja, kwa hiyo kielelezo kiwe kikubwa kwa kiasi hicho. Bloki la milimita 300 kielelezo chake kiwe 303. Pande zitakazokerezwa ziongezewe nyama, milimita tatu hivi, ili kisu kipate pa kupita chini ya ile ngozi ngumu. Na kuta za kielelezo zilale kidogo, zisisimame wima kabisa, ili kikichomolewa mchanga usibomoke. Mbao iwe kavu sana, iliyotulia. Kwa unyevu wa hapa kielelezo kipakwe vanishi tabaka kadhaa, kisije kikavimba kabla ya kufika kwa wasubuji.

Upande wa bloki unaogusa gurudumu ufuate mduara wa tairi. Hauhitaji kukerezwa kwa unyoofu wa kioo. Utajikalisha wenyewe kwa kusugua. Kinachotaka kipimo cha uhakika ni mashimo ya pini na mgongo unaokaa kwenye kishikilio.

#12 Binti wa Tudor

Ami, nimeandika kila kitu. Maswali mawili ya mwisho. Nasikia injini za zamani zina asbesto, je mabloki nayo? Na mimi na wenzangu wa darasa tukitaka kuanza, tukereze nini kwanza? Karakana ya chuo tuna ruhusa ya kuitumia akiwepo mwalimu.

#13 Gadi wa Changamwe

Binti, kabla ami yako hajakujibu, nami niseme yangu. Nina daftari langu la kazi na michoro ya mkono niliyochora ya mpangilio wa breki chini ya behewa, tangu nikiwa kwenye mafunzo. Macho yangu sasa hayawezi, lakini maelezo ninayo kichwani. Mje tukae, mpige picha, nieleze kila rodi yafanya nini. Msichelewe tu.

#14 Mkerezaji wa Makupa

Mzee, tutakuja, na binti naye atakuja pamoja na wenzake.

Mwanangu, asbesto ilitumika kulizungushia boila lisipoteze joto, na kwenye baadhi ya viungio vya mvuke. Hiyo msiikaribie, huondolewa na watu wenye mavazi na vibali vyake. Mabloki ya chuma cha kusubu hayana asbesto. Vaeni barakoa hata hivyo, kwa sababu unga wake mweusi si wa kuvuta, na fagieni kwa brashi na maji kidogo sakafuni, msipulize kwa upepo.

Kwenye kerezo: hakuna glavu, hakuna pete, hakuna mikono mirefu iliyolegea, hakuna ncha ya mtandio iliyoning'inia. Ufungeni ndani ya ovaroli au vaeni wa kubana kichwani. Mashine ikishika uzi haisikii kelele. Ufunguo wa kichwa cha mashine usiachwe mahali pake hata kwa sekunde. Mkono ukitoka, nao utoke.

Cha kwanza kukereza ni pini na bushi yake, pini ya milimita 40, mkitumia chuma cha kawaida bila kukichoma tanurini. Msikereze moja. Kerezeni sita, kila mtu yake, kwa mchoro mmoja, halafu mbadilishane: pini ya kila mmoja iingie kwenye bushi ya kila mmoja kwa mkono, bila nyundo na bila kuchezacheza. Andikeni kipimo cha kila pini mahali patatu kwa urefu wake, na kila mahali mara mbili, mara ya pili mkiwa mmeigeuza robo mzunguko. Hapo mtaiona kama imekuwa nene upande mmoja au yai. Ile inayoingia kwenye bushi yake peke yake ikataeni, hata kama yang'aa.

Mkiweza hiyo, nitaleta mchoro wa wenzo wenye mashimo matatu, na Injinia wa Melini tutamwomba aje na chaki yake na mafuta ya taa tupime nyufa kwenye vyuma chakavu kabla ya kufikiria vyuma vya mtu mwingine. Mwalimu wenu aniandikie ujumbe wa ndani kwa siku ambayo karakana iko wazi. Chuma cha raundi cha milimita 50 ninacho cha kutosha pini zote sita. Mikromita leteni yenu, na mje nayo ikiwa imepimwa usahihi wake.